Neno la Asiye na Hisa



Huku Giheta, Burundi, katika vilima vinavyoizunguka Gishora yenye ngoma zake, siku ya kikundi cha kuweka na kukopa inajulikana hata kwa watoto. Watu wanakaa duara uani kwa mmoja wao, au kwenye kivuli cha kanisa. Sanduku la bati lenye kufuli tatu linawekwa katikati, na funguo zake wanazo watu watatu tofauti, asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Kila mwanachama anaitwa kwa namba. Anatoa faranga zake, ananunua hisa moja, mbili, asizidi tano, na kijitabu chake kinagongwa muhuri. Pesa zinahesabiwa kwa sauti ili wote wasikie. Ndipo inapofika saa ya maneno: nani akopeshwe, mfuko wa jamii umsaidie nani, tununue mahindi sasa bei ikiwa chini au tusubiri kidogo.

Katika saa hiyo husikika swali ambalo wiki hii limenikaa moyoni: "Kwani wewe una hisa ngapi hapa?" Anayeulizwa kwa kawaida amesimama pembeni. Huenda ni jirani aliyepita tu, au kijana ambaye bado hajapata faranga za kujiunga, au mama aliyemfuata mwanachama kwa shida nyingine. Amesema jambo moja, tuseme kwamba mahindi ya mwaka jana yaliharibika kwa sababu ghala linavuja upande wa nyuma. Anapoulizwa hivyo anatazama chini, ananyamaza, na mazungumzo yanaendelea bila yeye. Ghala nalo linaendelea kuvuja.

Je, swali lile ni la haki? Tusikimbilie kulihukumu, maana wenye hisa wanaouliza hivyo wana sababu, na sababu yao ina uzito.

Bwana wetu mwenyewe alipojiita mchungaji mwema alitofautisha mchungaji na mtu wa mshahara. Mtu wa mshahara, kondoo si wake, na mbwa mwitu akija yeye anakimbia. Mwenye mali hulala na hofu ya mali yake. Asiye nayo anaweza kusema leo na kesho akasahau alichosema. Tuliona mfano mkubwa kwa majirani zetu wa Kenya mwaka 2008, serikali yao ilipouza kwa umma robo ya kampuni ya simu ya Safaricom, hisa bilioni kumi, kwa wananchi shilingi 5 kila moja. Nchi nzima ilizungumza habari hiyo. Waombaji walipita laki nane, na wengi walikopa benki ili wasipitwe. Hisa zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni mwaka huo kwa bei nzuri, lakini kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa imeshuka chini ya zile shilingi 5. Waliokopa walibaki na deni na riba yake. Waliowahimiza wakope, wao wenyewe wasinunue hata hisa moja, hawakudaiwa na mtu. Na ili tuseme ukweli wote, waliowacheka wanunuzi siku hizo nao hawakuona mbali, maana mwaka 2021 hisa ileile ilipita shilingi 40. Aliyekuwa na uwezo wa kungoja alipata. Aliyekopa hakuwa na uwezo wa kungoja, na hilo ndilo lililohitaji kusemwa mapema, tena kwa upole, na mtu yeyote aliyeliona.

Kwa hiyo sheria ya makampuni kumpa kura mwenye hisa, na kwa kadiri ya hisa zake, ni jambo la haki. Hasara ikija, itaanza mlangoni kwake. Hata katika kikundi chetu kidogo, asiye mwanachama hawezi kuamua nani apewe mkopo wa pesa ambazo hakuziweka. Hapo sina ubishi.

Lakini mpendwa, kura ni jambo moja na sikio ni jambo lingine. Kura hugawanywa kwa hesabu. Sikio hutolewa kwa upendo, na halipunguzi chochote katika sanduku. Mbona basi tunavibana vyote viwili pamoja, kana kwamba kumsikiliza mtu ni kumgawia akiba yetu?

Mfikirie Nehemia. Alipoanza kuujenga ukuta wa Yerusalemu walikuja Sanbalati na Tobia na wenzao wakamdhihaki. Akawajibu waziwazi kwamba wao hawana sehemu wala haki katika mji ule. Hayo ni maneno ya mwenye mali kabisa, na wengi wetu tungependa kuyatumia kikundini. Walakini endelea kusoma mpaka sura ya tano. Kazi ikiwa katikati, maskini wanakuja wakilia. Mashamba wameyaweka rehani, watoto wao wanakwenda utumwani kwa sababu ya madeni. Kwa hesabu za dunia hawa nao hawana kitu tena, sehemu yao imekwisha kuchukuliwa na matajiri. Nehemia hakuwauliza wana hisa ngapi. Alikasirika kwa ajili yao, akatafakari moyoni mwake, akawaita wakuu na kuwataka warudishe mashamba na kuacha riba.

Mtu yuleyule, mji uleule, na masikio yake yaliwapokea watu wa aina mbili kwa namna mbili. Tofauti ilikuwa nini? Nadhani hakupima umiliki wa msemaji. Alipima nia yake, na alipima ni nani atakayeumia uamuzi ukiwa mbaya. Sanbalati alitaka kazi ife. Wale wadaiwa walikuwa wakibeba uzito wa kazi mabegani mwao, ingawa hapakuwa na hati yenye jina lao.

Wazee wetu wa Burundi walilijua hili kwa njia yao. Shamba lilipogombaniwa, waliitwa abashingantahe wa kilima, watu waliochaguliwa kwa unyofu wao. Walikaa hadharani, wakasikiliza huku na huku, wakatoa neno. Shamba lililogombaniwa halikuwa lao, na kama lingekuwa lao wasingeruhusiwa kuamua. Kutokuwa na sehemu katika jambo ndiko kulikowapa uzito. Leo tumefika mahali pa kumwambia mtu asiye na maslahi kwamba neno lake halifai kwa sababu hana maslahi, na tunampokea mwenye kutuuzia kitu kama mshauri. Je, hatujaupindua mzani?

Nije sasa kwenye kahawa, maana hapa kwetu katika eneo la Kirimiro jambo hili si la kubuni. Kahawa ililetwa kwa amri. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulizilazimisha kaya kuipanda, na tangu hapo vizazi vimelea miti hiyo. Mkulima anachuma matunda mekundu, anayabeba kichwani hadi kituo cha kuosha, yanatumbukizwa majini ili mabovu yaelee yaondolewe, yanapimwa, kisha anarudi nyumbani kungoja malipo. Vituo vyenyewe vilikuwa vya serikali. Mwaka 2007 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba kahawa ni mali ya mkulima mpaka inapouzwa nje, na kwa mpango wa wakati huo wakulima walipaswa kupata asilimia 72 ya mapato. Baadaye serikali, ikisukumwa na Benki ya Dunia, ikaamua kuviuza vituo. Mwaka 2009 vituo 117 vilitangazwa, na 13 vikanunuliwa na kampuni moja ya Uswisi, Webcor.

Wakulima wakapaza sauti kupitia CNAC, shirikisho lao. Hoja yao ilikuwa kwamba vituo hivyo vilijengwa kwa mikopo iliyolipwa kwa kahawa yao, hivyo haiwezekani viuzwe bila wao kuulizwa. Mbele ya karatasi hawakuwa wenye hisa. Mbele ya mti wa kahawa walikuwa ndio wenyewe. Aprili 2013 wataalamu huru wa Umoja wa Mataifa, akiwemo Olivier De Schutter aliyeshughulikia haki ya chakula, waliisihi serikali na Benki ya Dunia zitafakari upya njia ile kwa ajili ya wakulima wadogo. Angalia ajabu yake: hao nao hawakuwa na kituo wala mti. Walikuwa watu wa pembeni waliowasemea watu wa pembeni. Na nina hakika moyoni kwamba walisema lililopasa kusemwa.

Nikwambie pia sababu isiyo ya huruma, maana wengine huruma haiwatoshi. Kahawa ya kwetu, ya Rwanda na ya mashariki mwa Kongo ina ugonjwa mmoja unaosumbua wanunuzi, ladha ya kiazi kibichi inayotokea ghafla kikombeni. Unahusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Punje ikishakauka jicho halioni kitu. Ladha hujitokeza pale kahawa inapokaangwa na kunywewa, mbali huko, na punje moja inaharibu kikombe kizima. Mwenye kampuni anaweza kuwa na hisa zote duniani, lakini mdudu yule huonwa kwanza na mama aliyeinama kwenye tawi asubuhi akichuma. Mama huyo akisema, "Mwaka huu wadudu wamezidi upande wa bondeni," na akaambiwa hana sehemu katika mazungumzo, nani amepata hasara?

Vivyo hivyo benki. CRDB ya Tanzania, ambayo hisa zake zinauzwa katika soko la Dar es Salaam tangu 2009, ilifungua kampuni yake tanzu Burundi mwaka 2012. Mrundi anayeweka akiba humo huenda hana hisa hata moja, wala hajui mkutano mkuu wa wanahisa unafanyika wapi. Hata hivyo akiba yake ni sehemu ya fedha zinazokopeshwa, na faida ya mwenye hisa haitoki mbali na hapo. Malalamiko yake kuhusu foleni au makato ni habari ambayo mwekezaji mwenye busara angeilipia.

Sasa nisogee karibu zaidi, na nikuombe uvumilivu, maana hapa ndipo panapotuhusu sisi sote.

Tangu miaka ile wakulima wengi wamejiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 2012 vyama vikaungana katika COCOCA. Kuna vituo leo vinavyomilikiwa na wakulima wenyewe. Namshukuru Mungu kwa hilo. Aliyekuwa akinyamazishwa jana leo anakaa mezani na ana kura. Lakini mezani hapo, jina lililoandikwa kwenye kadi ya uanachama ni la nani? Mara nyingi ni la mume. Miti iko kwenye shamba la mume, na kwa desturi yetu binti harithi ardhi ya baba yake. Mke ndiye anayepalilia, anayechuma, anayechambua mabichi na mekundu usiku kwa mwanga wa taa. Siku ya malipo ikifika, anayekwenda kusaini ni mwingine. Na akiuliza, "Tutaanza na karo ya watoto au bati za nyumba?", zipo nyumba ambamo atajibiwa kwa ukali uleule wa kikundini, hata kama neno hisa halitatajwa.

Yupo pia kibarua wa msimu anayelipwa kwa siku. Wapo ndugu zetu Batwa, wengi wao hawana shamba kabisa, na kwa hiyo hawana kahawa, na kwa hiyo hawana kadi, na kwa hiyo hawana neno. Unaona jinsi mnyororo unavyokwenda? Mtu aliyelia kwamba hakuulizwa kuhusu kituo anaweza kurudi nyumbani akakataa kuulizwa kuhusu pesa za kituo. Silisemi hili kukulaumu. Nalisema kwa sababu najua unatamani nyumba yako iwe mahali ambapo Kristo anajisikia nyumbani, na yeye alikuwa na tabia ya kusimama njiani kwa ajili ya watu ambao umati uliwaambia wanyamaze.

Nakukumbusha kijakazi wa nyumba ya Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma. Binti huyo alikamatwa vitani, akapelekwa Shamu, akawekwa kumtumikia mke wa jemadari. Binti yule hakuwa na sehemu yoyote katika nyumba ile, na kwa sheria za nchi ile yeye mwenyewe alikuwa mali ya nyumba. Afya ya Naamani ilimhusu nini? Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kunyamaza, au hata ya kufurahia ukoma ule, ni yeye. Lakini alitamani bwana wake apone, akasema palipo na nabii. Msamaha gani ule, mpendwa! Hatuambiwi kwamba aliombwa radhi. Alisema jema kwa waliomkosea, akaliacha neno lifanye kazi yake.

Na Naamani, jemadari mkubwa, alilisikia. Hata alipoambiwa akaoge Yordani, akakasirika akitaka kurudi, waliomtuliza walikuwa tena watumishi wake. Mara mbili katika safari moja uzima wake ulipitia midomoni mwa watu wasio na sehemu. Angewauliza wanamiliki nini, angerudi Shamu na ngozi yake ileile.

Neno hili nakupa hasa wewe uliyewahi kuambiwa huna hisa. Najua uchungu wake. Ulionya kuhusu ghala, hawakusikia, na mahindi yakaoza. Ulimwambia shemeji asikope kununua hisa, akakuona mwenye wivu, na sasa anadaiwa. Moyo unatamani kusema, "Si nilikwambia?" Usiseme. Nenda kamsaidie kubeba kilichobaki. Maneno hayo mawili yanaweza kumfungia mtu mlango wa kurudi kwako, na huenda wewe ndiwe mtu pekee ambaye angeweza kurudi kwake. Na siku nyingine ukiona hatari, sema tena, kwa sauti ya chini, bila hesabu ya zamani. Sema ulichokiona kwa macho yako, usiongeze. Kama hukukiona, uliza. Na ukishasema, kaa. Usiwe yule anayerusha neno kikaoni na kuondoka. Asiye na hisa hujenga uaminifu wake kwa kubaki pale, msimu huu na ujao, hata pasipo na wa kumshukuru.

Na wewe mwenye hisa, uwe nazo katika sanduku la bati au katika soko la Nairobi, huenda uliumizwa na ushauri mbaya wa mtu ambaye hakupoteza kitu. Msamehe huyo naye. Ukimbeba moyoni utaanza kumwona kila msemaji kuwa yeye, na utawafungia masikio watu wengi wema kwa kosa la mmoja. Je, yupo mtu uliyeacha kumsikiliza tangu siku ile ya hasara? Mwombe Roho Mtakatifu akutajie jina lake.

Ninalo ombi kwa vikundi vyetu vya Giheta, na kwa vya Muyinga ambako najua tafakari hizi zinafika. Kabla sanduku halijafungwa, tengeni dakika chache muwaulize waliosimama pembeni wanaonaje. Kura ibaki kwa wanachama kama ilivyo katika kanuni zenu. Katibu aandike walichosema, na mkutano unaofuata asome. Nawe mume unayelima kahawa, msimu huu pesa zikitoka, keti na mke wako kabla faranga ya kwanza haijatumika, umuulize, na umwache amalize kusema.